Tisini na Tisa Si Ndogo Kuliko Mia: Funzo la Umeme wa Jua Kutoka Ulyankulu

Katika likizo ya mwaka jana nilisafiri hadi Ulyankulu kwa sababu ambayo si rahisi kwa mwalimu wa chuo kikuu kuikiri hadharani. Nilikwenda kuomba radhi. Niliyekwenda kumwomba radhi ni kijana aliyeishia kidato cha nne, fundi wa umeme wa jua, ambaye nilikuwa nimemharibia jina ilhali yeye hakukosa lolote. Naiandika habari hii kwa kuwa naamini kosa langu si langu peke yangu. Ni kosa la tabaka zima la wasomi, wafadhili na watawala, ambao hupeleka vitu vijijini bila kupeleka maarifa ya vitu hivyo, na vitu vikiharibika humtafuta aliye chini kabisa ili abebe lawama.

Ulyankulu iko kaskazini magharibi mwa mji wa Tabora, katika wilaya ambayo leo inaitwa Kaliua. Ni sehemu ya nchi aliyoitawala Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuwatetemesha wafanyabiashara wa njia ya misafara kwa zaidi ya miaka kumi. Watanzania wengi wa rika langu walilijua kwanza jina la Ulyankulu kwa njia ya redio, kupitia kwaya ya Barabara ya 13. Wengine walilijua kwa habari ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakafyeka miombo, wakalima tumbaku na mahindi, wakazaa na kuzika hapo. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Yule fundi niliyemtaja ni mjukuu wa watu hao. Nitamwita Fundi tu, maana jina lake limekwisha kutajwa vibaya vya kutosha.

Shangazi yangu aliolewa huko zamani, na sasa ni mjane mwenye duka dogo kando ya njia. Nguzo za umeme zinapita mbali na kitongoji chake. Hapa msomaji wa mjini hana budi kuelewa tofauti ya maneno mawili. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nchi hii imepiga hatua ambayo hakuna mtu mwadilifu atakayeikanusha. Lakini Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000. Umeme ukifika kijijini, maana yake mara nyingi ni kwamba umefika shuleni, kwenye zahanati na nyumba za kando ya barabara. Anayeishi kitongoji cha nne anauona ukiwaka kwa jirani wa mbali, kama mtu anavyoziona nyota.

Kwa hiyo shangazi alijinunulia umeme wake. Alikopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akaongeza fedha za mahindi, akamwita Fundi. Kijana yule alimfungia paneli mbili za wati 280 kila moja, betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfuatano kupata volti 24, inveta, na kati ya paneli na betri akaweka kidhibiti chaji, chombo ambacho mafundi wetu hukiita kontrola. Duka likapata taa. Jokofu dogo likaanza kupoza maji na soda. Simu za kitongoji kizima zikawa zinachajiwa hapo, na wajukuu wakasoma usiku bila moshi wa kibatari. Kila Jumamosi shangazi alipeleka marejesho yake kwenye kikundi bila kuchelewa.

Mtambo ule ulifanya kazi mwaka mzima. Kisha mimi nikaamua kusaidia.

Nikiwa Dar es Salaam nilinunua paneli moja ya wati 100 kwa bei ya kupunguziwa, nikaifunga vizuri kwa magodoro, nikaituma kwa basi. Nilikuwa na hakika kwamba paneli tatu ni bora kuliko mbili, kama ambavyo ng'ombe watatu ni bora kuliko wawili. Paneli ilipofika, Fundi alinipigia simu.

"Shikamoo mwalimu. Hii paneli uliyotuma si ya kundi moja na zile za bibi. Naomba tusiiunge kwanza."

Nilimuuliza tatizo ni nini. Akasema kontrola imeandikwa kwamba haipaswi kupokea zaidi ya volti 100 kutoka kwenye paneli. Nikamwambia anisomee lebo za nyuma. Zile kubwa zilikuwa na volti 38.2 kila moja, na ile ndogo niliyotuma ilikuwa na volti 22.6. Nikachukua kalamu. Mbili kubwa ni 76.4. Ukiongeza 22.6 unapata 99.

"Tisini na tisa ni ndogo kuliko mia," nikamwambia. "Unga."

"Mwalimu, zimekaribiana sana. Na hii ndogo ampea zake ni chache."

"Kijana, hesabu haina kukaribiana. Ama imezidi, ama haijazidi. Unga mfuatano kama zile nyingine."

Akaunga. Angefanya nini? Aliyekuwa akisema ni mtoto wa kaka yake mwenye nyumba, tena mwalimu wa chuo kikuu, tena ndiye aliyenunua kifaa. Siku ile na iliyofuata mambo yalikwenda, ingawa shangazi aliona kwamba betri zinachelewa kujaa kuliko zamani. Siku ya tatu, asubuhi moja ya Julai yenye baridi na anga safi, jua lilipopanda tu kontrola ilitoa harufu ya kuungua, kioo chake kikazima, na haikuwaka tena.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonipeleka Ulyankulu. Watu walisema Fundi ameweka kontrola bandia. Wakasema ameibadilisha ile nzima akauza mjini. Kisha wakasema neno ambalo katika nchi yetu huwa haliko mbali, kwamba hayo ndiyo matatizo ya kuwaamini watu wa kuja. Kijana aliyezaliwa pale, ambaye baba yake pia alizaliwa pale, mwenye cheti na kitambulisho, aligeuzwa mgeni kwa sababu ya kifaa kilichoungua. Watu wawili waliokuwa wamempa kazi wakaiondoa. Nami nilizisikia habari hizo kwa simu, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba huenda ni kweli.

Wiki tatu baadaye nilimsimulia mwenzangu wa idara ya uhandisi, nikitaka anishauri wapi nitapata kontrola ya uhakika. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Hizo tisini na tisa ni katika joto gani?"

Sikuwa na jibu. Sikujua hata kwamba hilo ni swali.

Naomba sasa msomaji anivumilie nieleze kile nilichojifunza, maana nchi hii ina maelfu ya nyumba ambazo huenda zinaandaa ajali kama yangu. Si elimu ngumu. Ni hesabu ya darasa la saba, mradi mtu aambiwe ni namba zipi za kujumlisha.

Umeme una mambo mawili yanayofanana na maji ya bomba. Kuna msukumo, nao ni volti. Kuna wingi wa maji yanayopita, nao ni ampea. Paneli zikiungwa mfuatano, yaani chanya ya hii kwa hasi ya ile, volti hujumlishwa na ampea hubaki zilezile. Zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea hujumlishwa na volti hubaki zilezile. Kontrola huangalia yote mawili, lakini haiyavumilii kwa namna moja. Kontrola ya kisasa ikiletewa ampea nyingi kidogo kuliko uwezo wake, kwa kawaida hupokea inazoziweza na kuziacha nyingine. Ikiletewa volti nyingi kuliko uwezo wake, inakufa. Ampea zikizidi kidogo unapata hasara ya umeme, bali volti zikizidi unafanya matanga.

Nyuma ya kila paneli kuna lebo. Namba ya kutazama kwa usalama wa kontrola ni ile iliyoandikwa kwa herufi Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijabebeshwa mzigo wowote. Na hapa ndipo nilipoanguka mimi. Namba hiyo imepimwa maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli si kama chuma au bati. Kadiri inavyopoa ndivyo volti zake zinavyopanda. Kwa paneli nyingi za siku hizi, kila nyuzi moja inayoshuka chini ya 25 huongeza takriban asilimia 0.3. Asubuhi ya nyuzi 12, na Tabora katika mwezi Julai hazikosekani asubuhi za namna hiyo, paneli iko nyuzi 13 chini ya maabara. Zidisha 13 kwa 0.3, unapata asilimia 3.9. Zile 99 zangu zinakuwa karibu 103.

Kumbe mia ya kontrola ni mia ya saa zote, lakini tisini na tisa ya paneli ni ya nyuzi 25 tu. Nilikuwa nimelinganisha namba mbili zisizolinganishika, kama mtu anayelinganisha debe la mpunga na debe la mchele.

Kosa la pili Fundi aliliona kabla yangu, akalisema, nami nikalipuuza. Katika mfuatano, ampea za mkondo mzima huvutwa chini na paneli dhaifu kuliko zote. Paneli kubwa za shangazi zilitoa karibu ampea 9 jua likiwa kali. Ile ndogo yangu ilitoa kama ampea 5.5. Niliweka bomba jembamba katikati ya mabomba mapana, kisha nikashangaa kwa nini tangi linachelewa kujaa. Paneli nyingi zina njia ya pembeni inayouruhusu mkondo kuiruka paneli iliyolemewa, lakini hapo ina maana kwamba paneli yangu, katika hali bora kabisa, isingeongeza chochote. Na katika hali mbaya ilipunguza kilichokuwapo. Zawadi yangu ilikuwa mzigo tangu siku ya kwanza. Kwamba baadaye iliunguza kontrola ilikuwa ni nyongeza.

Kuna mtego wa tatu ambao shangazi aliuepuka kwa sababu Fundi alijua kazi yake, lakini wengi wananaswa nao. Kontrola ziko za aina mbili kuu, na maboksi yake huandikwa PWM au MPPT. Ile ya kwanza ni ya bei nafuu, nayo huiunganisha paneli na betri karibu moja kwa moja, hivyo huilazimisha paneli ishuke hadi kwenye volti za betri. Ya pili hubadilisha volti zilizozidi kuwa ampea. Chukua paneli moja ya wati 280, iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa ya miji yenye gridi, inayofanya kazi kwa volti 31 na ushei na ampea 8.9. Iunge kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola ya PWM. Betri inachaji kwa volti 13 hivi, mara ampea 8.9, unapata kama wati 115. Mnunuzi amelipia wati 280, na zaidi ya nusu zinapotea kila siku ya Mungu bila moshi wala kelele. Hakuna kitu kilichoharibika, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Anasema tu kwamba sola haina nguvu.

Kinyume chake, paneli isiwe na volti chache mno. Mwezi Oktoba, jua la Tabora likiipasha paneli hadi nyuzi 65, volti zake hushuka kwa zaidi ya asilimia 10. Paneli iliyokuwa imetosha kwa taabu mwezi Julai haiwezi kuisukuma betri ijae mwezi Oktoba. Hivyo mpangilio mzuri wa paneli hupimwa mara mbili: katika asubuhi yenye baridi kuliko zote, usizidi, katika mchana wenye joto kuliko wote, usipungue. Kwa kifupi, jumlisha Voc za paneli zote zilizo katika mfuatano mmoja, kisha hakikisha jumla haizidi sehemu tisa kati ya kumi za volti zilizoandikwa kwenye kontrola. Kama kontrola imeandikwa 100, ishia 90. Kanuni hiyo inatosha Tabora, inatosha hata Makete na Njombe kwenye umande wa barafu. Usichanganye katika mfuatano paneli zenye ampea tofauti, wala usichanganye sambamba paneli zenye volti tofauti.

Hayo yote yanaenea katika ukurasa mmoja. Ninayo haki ya kuuliza: kwa nini ukurasa huo haumo ndani ya boksi?

Nilipofika Ulyankulu niliyaangalia maboksi yote ambayo shangazi alikuwa ameyahifadhi juu ya dari, kama wazee wetu wanavyohifadhi kila kitu. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina. Ndani ya kijitabu cha kontrola kulikuwa na sentensi inayoonya juu ya baridi na volti. Onyo lilikuwapo! Lilisafiri kutoka kiwandani, likavuka bahari, likapita bandarini, likapanda lori hadi Tabora, likafika nyumbani kwa shangazi yangu, likakaa darini mwaka mzima bila kusema na mtu. Nchi yetu imeunda BAKITA tangu mwaka 1967. Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi kila mwaka tunaisherehekea kwa hotuba na ngoma. Kontrola ya shangazi iliungua katika mwezi huohuo wa Julai kwa sababu onyo halikuwa kwa Kiswahili. Lugha inayosherehekewa jukwaani lakini haimo kwenye lebo ya kifaa cha umeme ni lugha iliyopewa heshima ya marehemu.

Sisemi kwamba Kiswahili peke yake kingeniokoa. Mimi Kiingereza nakisoma, na bado nilikosea. Kilichonikosesha ni kitu kibaya kuliko kutojua, nacho ni cheo. Fundi alikuwa na maarifa ya mikono: hakuweza kunitajia asilimia 0.3, lakini aliwahi kuona kontrola zikifa asubuhi za baridi, akajua kwamba namba zilizokaribiana si za kuaminiwa. Mimi nilikuwa na kalamu na sauti. Katika mabishano kati ya maarifa na sauti, nchi yetu huipa ushindi sauti. Ndivyo bwana shamba anavyomwamuru mkulima, ndivyo mfadhili anavyokiamuru kijiji, ndivyo mtaalamu wa makao makuu anavyomwamuru muuguzi wa zahanati. Mambo yakiharibika, mwenye sauti hayupo; yuko mjini.

Nikiwa njiani kwenda huko nilikuwa nikiwafikiria wapagazi wa Kinyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zote za njia hii zilipita mabegani mwa watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, mbali na vyakula na vyombo vyake mwenyewe. Pembe kubwa ilitafutiwa mtu mwenye nguvu, na ile iliyomshinda mmoja ilichukuliwa na wawili kwa mti. Mnyampara aliyejua kazi yake hakupima msafara kwa jumla ya frasila tu, bali kwa kila bega lililobeba. Tajiri wa Unguja angeweza kuamuru mzigo uongezwe, lakini mpagazi angeutua chini, au angetoroka usiku. Alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Fundi wangu hakuwa nao. Miaka mia moja na hamsini baadaye, katika nchi ileile, kijana mwenye ujuzi alikuwa na nguvu ndogo mbele ya tajiri wa mjini kuliko babu wa mpagazi.

Kuna watakaosema kwamba mjadala huu ni wa kupita, kwa kuwa gridi inakuja na sola ni ya kungojea tu. Natamani iwe hivyo. Lakini hata penye nguzo, wengi huhifadhi paneli zao kwa ajili ya siku za kukatika, na wafuga nyuki walio ndani ya misitu hawatafikiwa na nguzo maishani mwangu. Zaidi ya hayo, hoja hiyo ina dharau ndani yake. Aliyeunganishwa na TANESCO analindwa na wahandisi asiowajua, na mita isiyo yake, na sheria zinazosema nani awajibike transfoma ikiungua. Asiyeunganishwa amefanywa kuwa shirika la umeme la nyumba moja: anazalisha, anahifadhi, anasambaza na kubeba hasara zote mwenyewe. Kwamba aliye maskini zaidi ndiye anayetakiwa kuwa mhandisi, ni jambo ambalo tumelizoea hadi hatulioni.

Wengine watasema soko litajirekebisha, muuzaji mbaya atakimbiwa. Soko hujirekebisha pale ambapo mnunuzi anaweza kutambua kosa ni la nani. Shangazi hakuweza. Kitongoji hakikuweza, kikamhukumu asiye na hatia. Muuzaji aliyeniuzia paneli hakuniuliza nina paneli zipi nyingine wala kontrola gani. Aliniuliza nina shilingi ngapi. Naye hakupoteza mteja, maana nilirudi kwenye duka hilohilo kununua kontrola mpya kabla sijajua kitu.

Mimi napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji mkopo wa nje. La kwanza, kifaa cha umeme wa jua kisiingie sokoni bila ukurasa wa Kiswahili unaotaja namba nne: volti za juu kabisa ambazo kontrola inastahimili, Voc ya paneli, ampea zake, na namna baridi inavyozibadili volti. Tunalo Shirika la Viwango tangu miaka ya 1970. Kazi ya aina hii haiko nje ya uwezo wake. La pili, vyuo vya VETA viende walipo mafundi, badala ya kungoja mafundi wahame vijiji vyao kufuata vyuo. Kozi ya wiki mbili iliyofanyika Kaliua, kwa Kiswahili, kwa vijana ambao tayari wanapanda mapaa, itaokoa fedha nyingi za wanyonge kuliko makongamano yetu ya nishati jadidifu. Mwisho wake kijana apewe cheti, ili siku mwalimu wa chuo kikuu atakapompigia simu, awe na karatasi ya kusimama nayo.

La tatu linatuhusu sisi tuliotoka vijijini na kuishi mijini. Tuache kutuma vitu kabla ya kuuliza. Kabla hujatuma paneli, mwombe anayekaa nayo akupigie picha ya lebo za zilizopo, kisha mwulize fundi wa huko anahitaji nini. Akikwambia hahitaji, mwamini, na zile fedha mpe alipie ada ya mtoto.

Kwa fedha zangu nilimnunulia shangazi kontrola nyingine ya volti 100. Fundi aliifunga na zile paneli mbili kubwa tu, jumla ya volti 76.4, na hata asubuhi ya baridi haitafika 80. Kwa betri za volti 24, wati 560 hutoa kama ampea 23, nayo kontrola inabeba 30. Kila namba ilikuwa na nafasi ya kupumua. Ile paneli yangu ndogo aliitafutia kazi inayolingana nayo: ina betri yake ya volti 12, kontrola yake ya bei rahisi, na inawasha taa mbili za jikoni na choo. Huko inafaa sana. Haikuwa paneli mbaya, ila ilipelekwa mahali pasipo pake na mtu asiyejua.

Kabla hajaanza kazi, nilimwomba shangazi awaite majirani, wakiwamo wale wawili waliomnyang'anya Fundi kazi. Tulikaa chini ya mwembe. Nilisimama, nikaeleza kwamba kontrola iliungua kwa amri yangu, kwamba kijana alinionya mara mbili, na kwamba mimi ndiye niliyekosa hesabu. Mzee mmoja aliniuliza, bila kejeli, kama kweli nafundisha chuo kikuu. Nikamjibu kwamba ndiyo. Akatikisa kichwa, akamgeukia Fundi, akamwambia, "Kesho uje uangalie ya kwangu."

Fundi hakusema neno juu ya msamaha. Alipanda ngazi, akafunika paneli kwa turubai kabla ya kugusa waya, akaniambia nimshikie bisibisi. Nilishika.